Rasen (filamu ya 1998)

Rasen ni filamu ya kutisha kutoka Japani iliyotolewa tarehe 31 Januari 1998. Iliongozwa na Joji Iida, ambaye pia ndiye aliyeandika muswada wake, kwa kufuata riwaya yenye jina hilohilo ya mwandishi Koji Suzuki. Ni mwendelezo wa kisa cha filamu ya Ringu, iliyoongozwa na Hideo Nakata. Filamu zote mbili zilianza kuonyeshwa siku moja, zikiwa jozi.

Ringu ilipata sifa kubwa na ikawa chanzo cha wimbi la filamu za kutisha za Kijapani lililofika Ulaya, Marekani na Afrika. Rasen haikupendwa. Watengenezaji waliamua kutengeneza mwendelezo mwingine, Ringu 2, ambao ulipuuza yote yaliyosimuliwa katika Rasen. Kwa sababu hiyo Rasen hukumbukwa kama mwendelezo uliosahaulika. Hutajwa pia kama mfano wa filamu ya mizimu iliyopoteza nguvu yake kwa kueleza mno kile ambacho watazamaji walikiogopa kwa sababu hakikuelezwa.

Makala hii inaeleza asili ya filamu, kisa chake na sababu za kutopendwa kwake. Inailinganisha pia na simulizi za ndondocha zinazojulikana kusini mwa Tanzania, zikiwemo wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kwa kuwa simulizi hizo nazo zinahusu mfu anayesemekana kurudi.

== Jina ==

Neno la Kijapani rasen lina maana ya umbo linalojizungusha huku likisonga mbele, kama hesi za parafujo au kamba iliyosokotwa. Jina hilo linadokeza DNA, yaani kemikali iliyomo ndani ya chembe hai inayobeba sifa za urithi kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Molekuli ya DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana kwa umbo hilo. Hivyo jina lenyewe linamwambia mtazamaji kwamba kisa cha mzimu sasa kimeingizwa maabara.

== Asili ya kisa ==

Koji Suzuki alitoa riwaya ya Ringu mwaka 1991. Inahusu mkanda wa video wenye laana: kila anayeutazama hufa baada ya siku saba. Mwaka 1995 alitoa Rasen, ambayo mwaka 1996 ilipata tuzo ya Yoshikawa Eiji kwa waandishi wapya. Kitabu cha tatu, Rupu, kilitoka mwaka 1998.

Vitabu hivyo vitatu havifanani. Cha kwanza ni kisa cha upelelezi chenye mzimu ndani yake. Cha pili kinaeleza laana kwa njia ya tiba na elimu ya viumbe: laana ni virusi. Cha tatu kinakwenda mbali zaidi na kudai kwamba ulimwengu wa vitabu viwili vya kwanza ulikuwa ndani ya kompyuta. Kwa msomaji wa riwaya safari hiyo ina mvuto wake, kwa sababu kila kitabu kinafumua kilichotangulia na kukisuka upya. Filamu hizi mbili, hata hivyo, hazikupewa watu walewale wazitengeneze. Kila moja ilikuwa na mwongozaji wake na mwandishi wake wa muswada, na ndipo tofauti kati yao ilipoanzia.

Joji Iida hakuwa mgeni katika kisa hiki. Alishiriki kuandika muswada wa filamu ya televisheni ya mwaka 1995 iliyotokana na riwaya ya Ringu. Muswada wa Ringu ya 1998 uliandikwa na Hiroshi Takahashi, ambaye alibadilisha mambo mengi ya kitabu. Tukio maarufu kuliko yote katika filamu hiyo, ambapo mzimu unatambaa na kutoka nje ya televisheni, halimo katika riwaya.

== Mizimu ya Kijapani na kanuni zake ==

Ili kuelewa kwa nini Ringu ilitisha na Rasen haikutisha, inafaa kujua namna Wajapani wanavyosimulia mizimu. Katika simulizi zao kuna aina ya mzimu inayoitwa onryo: roho ya mtu aliyekufa kwa kudhulumiwa, ambayo hairuhusiwi kupumzika hadi kisasi kitimie. Mara nyingi ni mwanamke. Huvaa kanzu nyeupe ya maziko, na nywele zake ndefu nyeusi huachwa wazi bila kufungwa.

Mfano mashuhuri ni Oiwa, mhusika wa mchezo wa kabuki wa Yotsuya Kaidan ulioandikwa na Tsuruya Nanboku wa Nne na kuchezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825. Mwanamke huyo anasalitiwa na mume wake, anapewa sumu inayomharibu uso, kisha anarudi kumwandama. Mwingine ni Okiku, mtumishi wa simulizi za kale ambaye maiti yake ilitupwa kisimani, na sauti yake husikika akihesabu sahani.

Sadako Yamamura, mzimu wa Ringu, amejengwa juu ya msingi huo. Alitupwa kisimani na mtu aliyepaswa kumlinda. Kanzu yake ni nyeupe na nywele zimefunika uso. Nyuma yake kuna pia habari za kweli za Chizuko Mifune, mwanamke aliyedaiwa kuona vitu vilivyofichwa. Mwaka 1910 alifanyiwa majaribio na msomi Tomokichi Fukurai, akatuhumiwa kuwa tapeli, na mwaka 1911 akajiua kwa sumu. Mama yake Sadako katika filamu anafuata nyayo za mwanamke huyo.

Kwa hiyo mtazamaji wa Japani alipomwona Sadako hakuhitaji maelezo. Kanuni alizijua: kuna dhuluma, kuna maiti isiyozikwa, na kuna kisasi. Ringu iliongeza kanuni moja mpya inayohusu maisha ya mjini. Aliyetazama mkanda anaweza kupona ikiwa ataunakili na kumwonyesha mtu mwingine. Kanuni hiyo inamlazimisha mhusika kuchagua kati ya uhai wake na uhai wa mwenzake. Filamu inakwisha mama, Reiko, akiendesha gari kwenda kwa baba yake mzazi ili amwonyeshe mkanda na kumwokoa mwanawe mdogo, Yoichi. Kinachotisha hapo ni uamuzi wa mama anayejulikana kuwa mwema.

== Muhtasari wa kisa cha Rasen ==

Rasen inaanzia pale Ringu ilipoishia. Daktari Mitsuo Ando, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, anaishi na huzuni kubwa. Mtoto wake wa kiume alizama baharini, ndoa yake imevunjika, na mwenyewe anafikiria kujiua. Siku moja anaitwa kupasua maiti ya Ryuji Takayama, aliyekuwa mwenzake wa masomo. Mtazamaji wa Ringu anajua kwamba Ryuji, mtalaka wa Reiko, alifariki baada ya kuutazama mkanda.

Katika uchunguzi Ando anakuta uvimbe usio wa kawaida, na tumboni mwa marehemu kuna kikaratasi chenye namba. Anakutana na Mai Takano, mwanafunzi wa Ryuji aliyekuwa karibu naye, na kupitia kwake anasikia habari za mkanda. Baadaye inafahamika kwamba Reiko na Yoichi nao wamekufa. Jitihada zote za mama huyo zilikuwa bure.

Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba waliokufa walikuwa na virusi vinavyofanana na vya ndui. Kuutazama mkanda kunafanya virusi vizaliwe mwilini mwa mtazamaji. Ando mwenyewe anautazama. Mai anatoweka, na baadaye maiti yake inapatikana. Mwili wake ulitumika kumzaa Sadako upya, naye sasa anatembea miongoni mwa watu akiwa mwanamke wa kawaida mwenye nyama na damu.

Sadako hahitaji tena mkanda. Maandishi aliyoyaacha Reiko kuhusu mkasa wake yanaweza kubeba laana ileile, na yakichapishwa yatasambaa pasipo kikomo. Ili Ando asizuie jambo hilo, anaahidiwa kitu ambacho hakuna mzazi aliyefiwa angeweza kukisikia bila kutetemeka: mtoto wake aliyezama atarudishwa hai kutokana na DNA iliyobaki. Ando anakubali. Ryuji naye anarudi kwa njia hiyohiyo. Filamu inakwisha mtoto akiwa amerudi kwa baba yake, huku ulimwengu ukiwa umeuzwa.

== Waigizaji ==

Koichi Sato aliigiza kama Daktari Ando. Miki Nakatani na Hiroyuki Sanada, walioonekana katika Ringu kama Mai na Ryuji, walirudia nafasi zao. Hinako Saeki aliigiza kama Sadako, tofauti na Ringu ambamo nafasi hiyo ilichezwa na Rie Inoo. Shingo Tsurumi aliigiza kama daktari mwenzake Ando, na Yutaka Matsushige kama mwandishi wa habari anayefuatilia mkasa huo.

Mabadiliko ya mwigizaji wa Sadako yanaonyesha tofauti ya filamu hizi mbili. Rie Inoo alikuwa na mafunzo ya kabuki. Katika tukio la kutoka kisimani alitembea kinyumenyume mbele ya kamera, kisha picha zikageuzwa, ndiyo sababu mwendo wake unaonekana kama wa kitu kisicho cha dunia hii. Uso wake hauonekani. Katika Rasen, Sadako ana uso, ni mrembo, na anazungumza.

== Kutolewa na mapokezi ==

Nchini Japani kulikuwa na desturi ya kuonyesha filamu mbili pamoja kwa tiketi moja. Ringu na Rasen zilitolewa kwa utaratibu huo. Matarajio yalikuwa kwamba mtazamaji ataona chanzo na mwisho wa kisa kwa siku moja. Matokeo yalikuwa kinyume. Watu walitoka wakizungumza kuhusu Ringu, na sifa zake zikaenea kutoka mtu hadi mtu. Rasen, yenye urefu wa dakika 97, ilibaki nyuma.

Uamuzi wa watengenezaji ndio ushahidi mkubwa kuliko maneno ya wahakiki. Hawakuendelea na kisa cha virusi. Hideo Nakata aliitwa tena, na Ringu 2 ikatolewa Januari 1999, ikianza upya baada ya mwisho wa Ringu kana kwamba Rasen haikuwahi kuwepo. Katika Ringu 2 mtoto Yoichi yu hai.

== Sababu za kutopendwa ==

Sababu ya kwanza ni kubadilika kwa aina ya hofu. Mzimu wa Ringu hauna dawa kwa sababu haueleweki. Virusi ni jambo jingine. Hata virusi vibaya kiasi gani vina jina, vina vipimo, na vina madaktari wanaovishughulikia. Ndui yenyewe ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980 kuwa imetokomezwa. Mtazamaji anapoambiwa kwamba laana inafanana na ndui, akili yake inahama kutoka kaburini kwenda hospitalini, na hofu inapungua.

Sababu ya pili ni kuvunjwa kwa kanuni. Katika Ringu, aliyenakili mkanda na kumwonyesha mwingine hupona. Katika Rasen, Yoichi amekufa ingawa mama yake alifuata sharti hilo. Mchezo wowote ambao kanuni zake zinabadilishwa katikati humchosha mchezaji, na kisa cha kutisha ni hivyo hivyo. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtazamaji naye anataka kulijua zimwi lake: linakuja lini, linaingilia wapi, linaogopa nini. Akishajua hayo, hofu yake inakuwa na mahali pa kukaa.

Sababu ya tatu ni wingi wa maneno. Sehemu kubwa ya Rasen ni madaktari wanaozungumza wakiwa ofisini na maabara. Ringu inategemea ukimya: maji, simu inayolia, kisima kilicho mbali katikati ya picha. Rasen inaeleza, inafafanua, kisha inaeleza tena.

Sababu ya nne ni kutoweka kwa sura. Kinachokumbukwa na kila aliyeona Ringu ni nywele zilizofunika uso. Rasen ilimwondolea Sadako pazia hilo na haikuweka kitu kingine mahali pake.

Pamoja na hayo, filamu ina upande wake wa kusifiwa. Inaifuata riwaya kwa karibu kuliko Ringu inavyoifuata riwaya yake. Koichi Sato anaonyesha huzuni ya mzazi bila kupiga kelele. Zaidi ya yote, swali linaloulizwa mwishoni ni zito: mtu aliyefiwa na mtoto angekubali kulipa nini ili amrudishe? Filamu ingeweza kusimama juu ya swali hilo peke yake. Limefunikwa na maelezo ya virusi hadi watazamaji wengi hawakuliona.

== Ulinganisho na simulizi za ndondocha ==

Swali la mfu anayerudi halihitaji kutafutwa Japani tu. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, kuna simulizi za kale za ndondocha, ambaye sehemu nyingine za nchi huitwa msukule. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zilizoko mkoani Lindi, zinakaliwa zaidi na Wamwera, pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na wengine. Wakazi wengi ni wakulima wa korosho, ufuta, muhogo na mahindi, na simulizi za ndondocha zinahusu maisha hayo ya shamba.

Inasimuliwa kwamba mchawi humfanya mtu aonekane amekufa. Ndugu wanalia na kuzika, lakini kinachoshuka kaburini ni gogo la mgomba lililotiwa sura ya maiti. Mwenyewe amechukuliwa. Hukatwa ulimi asiweze kutaja jina la aliyemchukua, hulishwa pumba, mchana hufichwa, na usiku hupelekwa kulima shamba la bwana wake. Hivyo ndivyo simulizi inavyoeleza kwa nini mtu fulani ana shamba kubwa linalopaliliwa vizuri na hakuna anayeona vibarua wake.

Kuna mambo matatu ya kulinganisha na filamu za Kijapani.

La kwanza ni dhuluma. Onryo hurudi kwa sababu alidhulumiwa. Ndondocha anazuiwa kwenda kwa sababu anaendelea kudhulumiwa. Mmoja anadai kisasi, mwingine hana hata ulimi wa kudai. Kwa hiyo katika simulizi ya kusini, wa kuogopwa hasa ni mwenye shamba, na ndondocha mwenyewe huonewa huruma.

La pili ni kanuni. Msimulizi wa ndondocha haelezi gogo la mgomba linageukaje maiti. Anayesikiliza pia haulizi. Kila mmoja anajua alama: ulimi, pumba, kazi ya usiku. Simulizi inasimama juu ya alama hizo kama Ringu inavyosimama juu ya siku saba na simu inayolia. Mtu angejaribu kueleza ndondocha kwa vipimo vya maabara angepata matokeo yaleyale ya Rasen: wasikilizaji wangeanza kubishana kuhusu vipimo na kumsahau aliyechukuliwa.

La tatu, na ndilo zito, ni msiba. Simulizi ya ndondocha huzungumzwa zaidi panapotokea kifo cha ghafla, hasa cha kijana. Ndani yake kuna faraja na kuna sumu. Faraja ni kwamba huenda marehemu hajafa, yupo mahali, na siku moja atarudi. Sumu ni kwamba ikiwa amechukuliwa, basi yupo aliyemchukua, na macho ya watu huanza kumtafuta: mara nyingi ni mzee, mjane, au mtu aliyefanikiwa kidogo kuliko jirani zake. Daktari Ando wa Rasen yumo katika mtego huohuo. Ahadi ya kumrudisha mtoto inamfanya asiangalie gharama itakayolipwa na wengine.

Hapa ndipo tofauti ya filamu na maisha inapopaswa kushikwa vizuri. Filamu inakwisha na taa zinawashwa. Tuhuma ya uchawi kijijini haikwishi hivyo. Nchini Tanzania wazee wengi, hasa wanawake katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za kishirikina. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa ukoloni wa Waingereza na inayoendelea kutumika, inakataza mtu kujidai kuwa na nguvu za uchawi na pia inakataza kumtuhumu mwingine kiholela. Wapo pia waganga na wahubiri wanaodai kuweza kurudisha misukule, na waliofiwa ndio wanaokuwa wepesi kuwaamini. Mara kadhaa mtu mgonjwa wa akili anayetangatanga amedhaniwa kuwa marehemu wa familia fulani aliyerudi, kwa sababu tu sura zinafanana na wenye msiba wanatamani iwe kweli.

Katika jambo hilo maelezo ya kitabibu, yaliyoidhoofisha Rasen kama filamu, ndiyo yanayohitajika katika maisha. Msiba ukitokea ghafla, uchunguzi wa daktari na majibu yanayoeleweka kwa ndugu vinaweza kuzuia tuhuma kabla hazijaota mizizi. Ando alipoipasua maiti ya Ryuji alifanya kazi ambayo familia nyingi vijijini hazijapata kufanyiwa: kuambiwa kwa ushahidi ni nini kilichomuua mtu wao.

== Filamu za mizimu kwa watazamaji wa Kiswahili ==

Filamu za kigeni ziliwafikia watazamaji wengi wa Tanzania kupitia mikanda ya video na vibanda vya kuonyeshea, ambavyo baadaye viliitwa pia vibanda umiza. Televisheni ilichelewa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, lakini vituo vya kwanza vya Bara, kikiwemo ITV, vilianza mwaka 1994. Katika miji midogo, video na jenereta vilitangulia televisheni. Pesa za mavuno ya korosho zilipoingia mikononi mwa watu wa kusini, starehe nazo ziliongezeka, na kibanda cha video kilikuwa miongoni mwa starehe hizo.

Kwa watazamaji waliozoea mkanda unaonakiliwa kutoka mkanda mwingine hadi picha zinatetemeka, wazo la Ringu si geni. Laana inayosambaa kwa kunakili ndiyo njia ileile filamu zenyewe zilivyosambaa.

Filamu nyingi vibandani zilisikika kwa Kiswahili kwa sauti ya msimulizi aliyetafsiri na kuongeza ya kwake. Huko Dar es Salaam alivuma Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya alijulikana DJ Afro, na Uganda VJ Jingo, anayetumia Kiganda. Sanaa hiyo inafaa sana filamu za mapigano na mapenzi. Kwa filamu ya mizimu ina hatari yake: msimulizi hujaza ukimya, na ukimya ndio unaobeba hofu. Msimulizi mahiri hujua wakati wa kunyamaza. Rasen, yenye maneno mengi na ukimya kidogo, ingempa msimulizi kazi nyingi na ingempa mtazamaji hofu kidogo.

Watengenezaji wa Afrika walikuwa na mizimu yao. Filamu ya Nigeria ya Living in Bondage ya mwaka 1992 inahusu mwanamume anayemtoa mke wake kafara ili apate utajiri, kisha anaandamwa na mzimu wa mke huyo. Kwa kanuni zake iko karibu na Oiwa wa Japani na pia na mwenye shamba wa simulizi za ndondocha: utajiri uliotokana na mwili wa mwingine. Nchini Tanzania, Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Maangamizi iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill ilionyesha roho ya bibi wa kale kama mponyaji wa majeraha ya ukoo.

Filamu za namna hii zinapokosolewa Afrika Mashariki, lawama nyingi huangukia kwenye vifaa: sauti hafifu, mwanga mbaya, meno bandia, damu ya rangi. Mfano wa Rasen unaonyesha kwamba vifaa si kila kitu. Filamu hiyo ilikuwa na waigizaji wakubwa, kampuni kubwa na riwaya iliyouzwa sana, na bado ilichusha.

== Baada ya Rasen ==

Mwaka 1999 kisa cha Rasen kilipata nafasi ya pili kama tamthilia ya vipindi katika televisheni ya Fuji. Mwaka 2000 ilifuata filamu ya Ring 0: Birthday ya Norio Tsuruta, inayosimulia ujana wa Sadako kabla hajatupwa kisimani. Marekani ilitengeneza toleo lake la Ringu mwaka 2002, likiongozwa na Gore Verbinski. Katika miaka hiyohiyo filamu nyingine za Kijapani zilivuma, zikiwemo Kairo ya Kiyoshi Kurosawa (2001) na Ju-on ya Takashi Shimizu (2002).

Mwaka 2012 Sadako alirudi katika Sadako 3D, iliyoongozwa na Tsutomu Hanabusa. Safari hii laana ilikuwa katika video ya intaneti, na mhusika mkuu alikuwa mwalimu wa sekondari. Wahakiki wengi hawakuridhika nayo, kwa sababu iliyo kinyume na ile ya Rasen. Rasen ilieleza mno. Sadako 3D ilionyesha mno, ikiwa na mikono na nywele zinazomrukia mtazamaji na viumbe vyenye miguu mirefu kama wadudu. Zote mbili hazikumwachia mtazamaji kazi ya kufanya.

Kwa wanafunzi wa fasihi na sanaa za maonyesho, Ringu na Rasen ni jozi nzuri ya kujifunzia, kwa kuwa zina chanzo kimoja, mwaka mmoja na baadhi ya waigizaji walewale. Mwanafunzi anaweza kuzitazama mfululizo na kuandika pembeni ni wakati gani aliogopa na ni wakati gani alianza kusikiliza maelezo. Kisha anaweza kumwendea mzee wa kwao, iwe Nachingwea, Ruangwa au kwingineko, amwombe amsimulie habari za ndondocha, na aangalie ni mambo gani mzee huyo anayataja na ni yapi anayaruka.